Mkwe, mkaza mwana na simu kutoka Unguja: uchambuzi wa kisa kimoja cha Pemba

Kwa nini nimekiandika

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwa wageni wanaokuja kuishi Unguja na Pemba. Wengi wao ni wanafunzi, watafiti na watu wa mahoteli. Wana madaftari, wana ada ya masomo, wana tarehe ya kurudi kwao. Kisa hiki ni cha mtu asiyekuwa na hata kimoja katika hivyo: mwanamke aliyeolewa na Mpemba, akapelekwa kwa mkwewe, akaishi katika nyumba ambayo hakuna anayeijua lugha yake. Nusura kimgharimu uhai, na kilichomponza hakikuwa uvivu wa kujifunza wala ubaya wa mtu yeyote.

Nimekiandika kwa ajili ya familia zinazopokea wageni wa namna hii, kwa wakunga na manesi, na kwa walimu wenzangu. Wenyewe wamesikia nilichoandika na wamekubali kisomwe. Kijiji, nchi aliyotoka, umri na mambo mengine ya kuwatambulisha nimeyaondoa au kuyageuza. Nitawataja kwa nafasi zao tu: Mke, Mume, Mama (mamake Mume), Wifi (dadake Mume, wa miaka 13) na Mwalimu (jirani anayesomesha Kiingereza skuli).

Usuli

Mke ametoka nchi moja ya Ulaya ya Mashariki. Alikuja Unguja kutembea, akajuana na Mume aliyekuwa mapokezi katika hoteli ya pwani ya kaskazini, akarudi kwao, akaja tena, wakaoana, wazee wa pande zote mbili wakijua. Walipanga chumba karibu na kazini. Mimba ilipopindukia miezi mitatu, mambo mawili yalikutana: kodi ya chumba ilipanda, na Mama aliomba mkaza mwana wake aje ajifungulie mikononi mwake. Kwetu binti hujifungulia mimba ya kwanza kwao, mbele ya mamake mzazi. Mama wa huyu alikuwa mbali, na Mama wa Pemba aliona ni wajibu wake kuishika nafasi hiyo. Mke alikubali kwa moyo mmoja, na hilo nalisisitiza kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kudhani alilazimishwa.

Mwezi wa Machi, kaskazi inaishia, wakavuka hadi Mkoani na kupanda gari mpaka kijijini, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Mume alikaa siku chache akarudi kazini.

Sasa tutizame lugha zilizokuwamo ndani ya nyumba ile. Mama anazungumza Kipemba. Skuli aliiacha mapema, lakini chuoni, yaani madrasa, alihitimu, na herufi za Kiarabu anazisoma bila ya kusita. Wifi alikuwa na Kiingereza cha darasani, cha maneno machache. Mke alikuwa na lugha yake, Kiingereza alichojifunza ukubwani, na Kiswahili kidogo alichokipata kwenye kitabu na programu ya simu. Kitabu chake kilifundisha Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja cha mjini na kuanza kusimamiwa mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo alifundishwa "amekwenda", na nyumbani akasikia "kenda". Alifundishwa "nyanya", jikoni akaambiwa "tungule". Alipofika alijiona anajua kitu kidogo. Wiki ya kwanza haijesha, alijiona hajui chochote.

Mume na Mke waliongea Kiingereza, ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao. Kila alichotaka Mke kumwambia Mama kilitoka kwenye lugha yake kwenda Kiingereza, kikasafiri kwa simu hadi Unguja, kikageuzwa Kiswahili na Mume, kikarudi Pemba. Jibu lilipita njia hiyohiyo.

Mwenendo wa mambo

Miezi miwili ya mwanzo ilikwenda vizuri kwa macho ya nje. Mambo ambayo kila mwalimu wa wageni huyatarajia yalikuja na kupita: kuhesabu saa kwetu kulimchanganya siku chache tu, salamu alizizoea haraka, akajua kupiga hodi, akajua nani wa kumpa shikamoo na nani wa kumuuliza "umeamkaje". Majirani walimwita bi harusi. Alikaa na Mama jikoni, akachambua mchele, akajaribu mbuzi ya nazi mpaka vidole vikakwaruzika. Mama alimpenda. Hata leo akizungumzia siku zile hutaja jinsi mkaza mwana wake alivyokuwa akiinuka kabla yake kuteka maji.

Kila usiku baada ya sala ya Isha, Mume alipiga simu. Hapo ndipo nyumba ile ilipopata "mazungumzo". Simu iliwekwa sauti juu, mezani, Mke upande huu, Mama upande huu. Mama alisema yake, Mume akamgeuzia Mke. Mke akasema yake, Mume akamgeuzia Mama. Robo saa, nusu saa, wakaagana. Mchana wote unaofuata, wanawake wawili waliweka akiba kila walichotaka kuambiana, wakiisubiri simu.

Kliniki ilikuwa jambo jengine. Mama ana mifugo na kipande cha muhogo, na kituo cha afya ni mwendo kidogo, kwa hiyo mara nyingi Mke alisindikizwa na Wifi baada ya kuombewa ruhusa skuli. Wifi ndiye aliyekuwa mkalimani. Kadi ya kliniki inaonesha mahudhurio yote. Uzito uliandikwa, presha iliandikwa, vidonge vya kuongeza damu vilitolewa. Kwa karatasi, kila kitu kilikuwa sawa.

Mwezi wa Julai, kusi imeshika, mimba ikiwa ya wiki ya 31, Mke alianza kuumwa na kichwa. Alikunywa dawa aliyokuja nayo, haikusaidia. Akawa anajilaza chumbani, madirisha yamefungwa, kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Mama aliuona mlango umefungwa mchana kutwa. Kwa siku mbili alidhani mkaza mwana wake amenuna, na akajiuliza amemkosea nini. Siku ya tatu aliuona uso.

Baadaye niliwaomba wote watatu, kila mmoja peke yake, wanieleze simu ya usiku ule. Maelezo yao yanalingana kwa kiasi cha kutisha.

Mama alisema: "Mwambie mkeo uso wake siupendi leo. Umevimba. Mimi mimba saba nimezibeba, huu si uso wa mimba tu."

Mume akamgeuzia mkewe: Mama anasema upumzike.

Mke akasema kwamba kichwa hakijampa nafasi tangu juzi, kwamba anaona vimulimuli mbele ya macho, na anataka kwenda hospitali ya mjini.

Mume akamgeuzia Mama: "Amechoka tu, Mama. Ndiyo mimba ya kwanza."

Wakaagana. Mke akalala akiamini Mama ameshajua kila kitu na haoni neno. Mama akalala akiamini mkaza mwana wake amesikia wasiwasi wake na kuupuuza. Ilikwenda hivyo usiku mmoja zaidi.

Aliyevunja duara hili ni mhudumu wa afya wa jamii, mwanamke wa kijijini hapohapo, aliyepita nyumba hadi nyumba kama kawaida yake. Hakuwa na Kiingereza chochote. Alimkuta Mke kakaa ukumbini, akamtizama uso na mikono, akamuuliza Mama: "Tangu lini?" Mama akajibu. Kisha akamgeukia Mke, akajishika kichwa chake mwenyewe, akayafinya macho, akamtizama kama anayeuliza. Mke akaweka mikono yote miwili kichwani na kulia. Hakuna aliyesubiri simu ya usiku. Ilitafutwa gari ya jirani, wakaenda wote watatu.

Presha ilikuwa juu sana na mkojo ulikuwa na protini. Walihamishiwa hospitali siku hiyohiyo.

Hatari ilikuwa nini hasa

Kwa wasiokuwa watu wa afya: presha ya mimba huja kwa kawaida baada ya wiki ya 20, na kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi ni dalili ya kushughulikiwa, si ya kusubiriwa. Ikiambatana na kichwa kikali kisichosikia dawa, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu ya juu ya tumbo, uvimbe wa ghafla wa uso na mikono, inaweza kugeuka kifafa cha mimba, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini.

Usiku ule wa simu, uvimbe aliuona Mama. Kichwa na vimulimuli alivijua Mke. Dalili zote zilikuwamo ndani ya nyumba moja, zimegawanywa kwa watu wawili waliokaa meza moja, na mtu pekee aliyesikia nusu zote mbili alikuwa ng'ambo ya bahari.

Maamuzi na sababu zake

Mimi niliingia Mke akiwa wodini. Aliyeniita ni Mwalimu, tuliyewahi kufanya kazi pamoja. Hali ya Mke ilidhibitiwa kwa dawa, na madaktari waliamua kuisogeza mimba mbele wakimwangalia kwa karibu. Tulijua atarudi nyumbani akiwa na wiki kadhaa za hatari mbele yake. Hatukuwa na muda wa kumfundisha mtu lugha. Tulikuwa na muda wa kubadilisha njia ambazo maneno yanapita.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko yote: Mume aache ukalimani. Apige simu kila usiku kama zamani, aongee na mkewe, aongee na mamake, lakini asibebe neno la huyu kulipeleka kwa yule. Mume aliumia sana. Aliona tunamnyang'anya kazi aliyoifanya kwa mapenzi, akiwa mbali, amechoka, mara nyingine ametoka zamu ya saa kumi na mbili. Nilimweleza kwamba hatumshitaki. Mamake ni mamake na mkewe ni mkewe, na mtu aliyekaa kati ya hao wawili hawezi kulitamka neno gumu la mmoja bila ya kulipunguza makali kabla halijamfikia mwengine. Ndivyo moyo unavyofanya kazi. Alikubali shingo upande.

Pili, Wifi asikanyage tena kliniki kama mkalimani. Nilipokaa naye pembeni aliniambia kwamba nesi alipouliza maswali ya damu na uchafu unaotoka, yeye aliona haya, akamuuliza wifi yake kama "yuko sawa", akajibiwa ndiyo, akamrudishia nesi ndiyo. Ana miaka 13. Hakuna namna ya kumlaumu. Mwanamke mzima angeona haya vilevile kumuulizia mke wa kaka yake maswali yale. Nafasi yake aliichukua Mwalimu, kwa masharti tuliyokubaliana mbele ya Mke: ageuze kila kilichosemwa bila ya kuongeza wala kupunguza, asijibu kwa niaba ya mtu, alichokisikia chumbani kibaki chumbani, na akiwa hakufahamu aseme hakufahamu.

Tatu, tuliandika karatasi ya dalili za hatari. Sentensi saba fupi, kila moja na mchoro wake: kichwa kinauma sana, naona vimulimuli, natokwa na damu, maji yametoka, mtoto hachezi, tumbo la juu linauma, siwezi kupumua vizuri. Kila sentensi iliandikwa kwa lugha ya Mke na kwa Kiswahili. Na hapa Mwalimu alitoa wazo ambalo mimi sikulifikiria: Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo anazozisoma Mama. Aliandika mwenyewe kwa kalamu nene. Karatasi ikabandikwa ukutani baina ya chumba cha Mke na ukumbi. Mama alipoiona alisoma ya kwanza mpaka ya saba kwa sauti, kisha akamwita Mke asimame naye, akarudia kuisoma huku akigusa kila mchoro. Kwa mara ya kwanza tangu Machi, wanawake hawa walikuwa wanasoma kitu kimoja.

Nne, saa moja kila siku bila ya simu, wakifanya kazi yoyote ya nyumba pamoja, Mama akizungumza. Tulimpa Mama mambo matatu tu. Aseme Kiswahili chake kamili, asikivunje. Asipaze sauti. Na asipofahamika, arudie sentensi ileile kabla ya kuibadilisha.

Hilo la mwisho linahitaji neno. Watu wetu ni wakarimu, na ukarimu huo huwafanya, wakiona mgeni hakufahamu, walete haraka maneno mengine, na mengine tena, au waanze kusema "wewe kwenda, mimi kupika". Mgeni aliyekuwa na sentensi moja asiyoifahamu sasa anazo tatu, na moja kati yake si Kiswahili cha mtu yeyote. Aliyeambiwa "wewe kwenda" kwa mwaka mzima atasema "mimi kwenda" maisha yake yote, na watu haohao watamcheka.

Matokeo

Wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, Mke aliamka usiku, akamgongea Mama mlango, akamwambia "Mama, kichwa kinauma sana" na kumshika mkono mpaka kwenye karatasi, akagusa mchoro wa pili. Walikwenda hospitali usiku uleule. Presha ilikuwa imepanda tena, ikashushwa. Mume aliarifiwa wakiwa njiani. Kwa mwenendo wa zamani angeambiwa yeye kwanza, na Mama angeambiwa kilichobaki.

Mwezi wa Agosti, mimba ikiwa imetimiza wiki 37, alianzishiwa uchungu na akajifungua mtoto wa kike salama. Mwalimu alikuwapo mlangoni mwa chumba cha kuzalia.

Kilichofuata ndicho kilichowafundisha lugha kuliko mpango wowote wa mwalimu. Arobaini. Siku 40 mzazi hatoki. Mama alimkanda kwa maji moto asubuhi na jioni, akampikia uji wa pilipili manga, akamwonesha kumfunga mtoto, kumwogesha, kumlaza. Maneno yaleyale kila siku, kwa mpangilio uleule, na mwili wenyewe unasikia maana yake: geuka, nyoosha mguu, maji yana moto, vumilia, basi tumemaliza. Ilipofika arobaini, Mke alikuwa na Kiswahili cha nyumbani kisichotetereka, na ni Kipemba. Anasema "kaja" na "kenda". Wageni wenzake wa Unguja mjini humshangaa. Mimi nasema akiache hivyohivyo.

Uchambuzi: kilichoharibika

Watu wengi niliowasimulia husema tatizo lilikuwa Mke kutojua Kiswahili. Silikubali hilo. Siku ya hatari Mke alikuwa na maneno ya kutosha kusema kichwa kinauma, na baada ya miezi minne Pemba alikuwa ameshayasikia mara nyingi. Hakumwambia Mama kwa sababu alijua usiku simu itapigwa. Mkalimani wa kudumu aliwaondolea wote wawili haja ya kujaribu. Kila mmoja alimtegemea Mume, na kila siku iliyopita bila ya kuhangaika na lugha ya mwenzake ilizidi kuwatenga. Simu ile ilikuwa daraja lililozuia watu wasijifunze kuogelea, na siku lilipobomoka katikati hakuna aliyejua.

Halafu kuna Kiingereza cha Mume. Ni kizuri, fasaha, na amekipata hotelini. Nimefundisha vijana wengi wa mapokezi na najua kinavyofunzwa: mgeni aridhike, jibu liwe la kutuliza, tatizo lipewe jina dogo. Kijana hufunzwa kusema hakuna shida. Hajafunzwa kusema kuna shida, wala kuuliza damu ni kiasi gani. Kwa hiyo Mume alibeba mambo mawili kwa pamoja, huruma ya mtoto kwa mamake na mazoea ya kazi yake, na yote mawili yalimvuta upande mmoja.

Kwa upande wa kliniki, tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8. Mke alikuwa kwenye mstari huo. Lakini kuonana si kuulizana. Vipimo vyake viliandikwa, ila masuala yanayohitaji mdomo yalijibiwa na mtoto wa skuli kwa "ndiyo" ya haya. Simtupii nesi lawama zote. Alikuwa na foleni ndefu, na mbele yake kulikuwa na mtu anayeonekana anageuza maneno. Ila angeweza kufanya jambo moja lisilohitaji lugha: kumwita Mama aingie naye, angalau mara moja. Mama angesema aliyoyaona.

Na heshima nayo ilikuwa na sehemu yake. Tulipomwomba Mama awe anamuuliza Mke arudie alichofahamu, alikataa papo hapo. "Nitamuulizaje mkaza mwana wangu kama mtoto wa chuoni?" Ana haki. Kumtaka mkwe athibitishe kwamba amesikia ni kumvunjia hadhi. Mke naye, kwa upande wake, alikuwa ameshajifunza kwamba "ndiyo, Mama" huleta tabasamu, kwa hiyo aliisema kwa kila kitu. Tulitoka hapo kwa kuligeuza jambo: Mke ndiye aanze. Kila alipoambiwa kitu alikirudia mwenyewe, "Mama, umesema nianike muhogo, sivyo?", na Mama akamsahihisha bila ya mtu kuulizwa. Namna hiyo ilikubalika mara moja, kwa sababu mdogo anapomrudia mkubwa kwa kuuliza ni adabu.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa katika mpango wetu

Karatasi ya ukutani ndiyo iliyookoa, na nina hakika ingekuwa ya herufi za Kilatini peke yake isingefika popote. Watu wa umri wa Mama wapo wengi Unguja na Pemba. Tunawaita hawajui kusoma, na kila Ijumaa wanasoma Yasini kwenye msahafu. Mabango ya afya yanayobandikwa vituoni hayawasemeshi.

Masomo rasmi yalishindwa. Nilipanga Mke asome na Mwalimu kila alasiri kwa daftari, na wiki mbili tu yakafa. Msimu wa karafuu ulifika, Mwalimu na jamaa zake wakawa wanachuma na kuchambua mpaka usiku, na Mke mwenyewe alikuwa na mtoto mchanga. Darasa la Kiswahili kwa wageni liko Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Unguja, ng'ambo ya maji. Kwa mtu wa kijijini Pemba ni kama halipo.

Programu ya simu ya kugeuza lugha tuliijaribu pia. Kwa maandishi ya Kiswahili sanifu ilisaidia. Kwa usemi wa Mama, wa haraka na wa Kipemba, haikushika kitu, na mara mbili ilitoa kinyume cha kilichosemwa. Kwa orodha ya dukani inatosha. Kwa afya tuliiondoa kabisa.

Na kuna jambo ambalo halijapona. Kiswahili cha Mke kilipopanda, aliyaelewa yale maneno ya usiku wa Julai. Mama alimsimulia, bila ya nia mbaya, jinsi Mume alivyomwambia "amechoka tu". Mke alihisi amesalitiwa, na wiki kadhaa hakupokea simu. Mume anasema mpaka leo kwamba alitaka wote wawili walale kwa amani. Wamerudiana vizuri, lakini Mke hakubali tena mtu yeyote amgeuzie neno bila ya yeye kusikiliza Kiswahili chenyewe kwanza. Familia inayoamua kumwondoa mkalimani wa ndani ijue kwamba siku moja yatasikika na yale yaliyofichwa, na ijitayarishe kwa mazungumzo hayo mapema.

Hatukufanya la kutosha kuhusu lugha yake mwenyewe. Kwa miezi Mke hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kwa lugha aliyozaliwa nayo isipokuwa mamake kwa simu, na aliniambia kwamba jioni nyingine alikuwa anachoka kwa kusikiliza tu, mpaka anatamani kukaa peke yake. Mama sasa anaifahamu hali hiyo. Mlango ukifungwa hadhani tena amenuniwa. Hugonga, humuuliza kichwa, akijibiwa hakiumi humwachia apumzike.

Hali ilivyo sasa

Mke humpeleka mtoto kupimwa uzito mwenyewe, pamoja na Mama, bila ya mkalimani. Kwa mambo makubwa wanamwita Mwalimu. Mwalimu halipwi, na hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu ana skuli yake, ana karafuu zake, na wapo wageni wengine walioolewa vijijini ambao wameanza kumtafuta. Tumelipeleka suala kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile, na kwa mkuu wa kituo cha afya, tukiomba liandikwe jina la mwanamke mzima mmoja au wawili wa kuitwa inapohitajika na wapewe nauli. Jibu bado.

Aliyepata presha ya mimba mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kuipata tena mimba inayofuata. Mke na Mume wanataka mtoto wa pili. Wamekubaliana, safari hii kwa Kiswahili na Mama akiwapo, kwamba tangu hudhurio la kwanza Mama ataingia chumbani pamoja na Mke, na kwamba Mume, akitaka kujua hali, atawauliza wote wawili, mmoja mmoja.